Msimsingizie Canova

Wiki tatu zilizopita, usiku, tulikuwa watu sita kwenye chumba cha watu wanne. Umeme ulikuwepo, mtandao haukuwepo, kwa hiyo tukabaki na midomo yetu. Stori zikaanzia kwenye mpira, zikapita kwenye bumu, zikaishia pale zinapoishia siku hizi kwa kila mtu wa mwaka wa tatu: risechi. Mwenzetu mmoja akatuambia, bila kuona haya, kwamba yake imeshaanza kuandikwa, ila si na yeye. Kuna jamaa anamwandikia kwa malipo ya awamu, sura moja moja, na sura ya kwanza imeshafika na eti "imenyooka".

Tukamcheka kidogo, tukamlaumu kidogo. Ndipo akatoa hoja ambayo sikuitegemea.

"Nyie mnajifanya watakatifu," akasema. "Kwenye lile somo la historia ya sanaa si tulifundishwa habari za Canova? Yule Mwitaliano alikuwa na karakana nzima ya vijana wanaomchongea. Yeye anakuja mwishoni anapitisha mkono, sanamu inaitwa ya Canova, wafalme wanalipa. Mbona yeye hamumwiti mwizi? Na mimi nitapitisha mkono mwishoni, nibadilishe sentensi mbili tatu, jina langu juu. Tatizo liko wapi?"

Chumba kizima kikamshangilia. Mimi sikuwa na jibu, na kilichoniuma zaidi ni kwamba alichosema kuhusu ile karakana ni kweli. Siku ya pili nikaenda maktaba. Makala hii ndiyo jibu langu. Limechelewa wiki tatu, lakini heri kuchelewa kuliko kunyamaza, maana najua hoja ile haikuishia chumbani kwetu.

Nianze kwa kukubali yanayokubalika. Antonio Canova alizaliwa mwaka 1757 katika kijiji cha Possagno, kwenye eneo lililokuwa chini ya Jamhuri ya Venice, akafariki mwaka 1822. Katika zama zake hakuna mchonga sanamu Ulaya aliyekuwa na jina kubwa kuliko lake. Mapapa walimtaka, Napoleon alimtaka, Waingereza walimtaka. Na hakuna ubishi kwamba katika karakana yake ya Roma walikuwepo watu wengi wenye tindo na nyundo. Mtu mmoja hawezi kutoa kazi zote zile katika marumaru kwa mikono miwili. Wahenga walishasema, ukiona vyaelea, vimeundwa, na aghalabu vimeundwa na wengi.

Kwa hiyo swali si kama Canova alisaidiwa. Alisaidiwa sana. Swali ni kipi alichowaachia wengine, na kipi hakuwahi kumwachia mtu. Hapo ndipo mwenzetu alipokosea, na hapo ndipo kosa lake lina faida kwetu sote.

Jambo la kwanza ambalo halikutajwa usiku ule: Canova alikuwa anajua kuchonga. Linaonekana jambo dogo, lakini ndilo msingi wa mengine yote. Baba yake alifariki yeye akiwa mtoto wa miaka kama mitatu hivi, mama akaolewa kwingine, akalelewa na babu yake, Pasino Canova, ambaye alikuwa fundi wa mawe. Kwa maana hiyo tindo aliijua kabla hajajua umaarufu ni nini. Akiwa bado mvulana alipelekwa kwa mchongaji Giuseppe Bernardi kujifunza kazi, na kwa njia hiyo akafika Venice. Sanamu zake za Orpheus na Eurydice, alizozimaliza mwaka 1777, zilichongwa kwenye jiwe laini la Vicenza. Mara tu baada ya hapo akashika marumaru akachonga Daedalus na Icarus, baba mzee anayemfungia mwanawe mabawa. Kazi hiyo aliikamilisha mwaka 1779. Alikuwa na umri wa miaka 21, yaani umri wetu sisi tunaosubiri kuandikiwa.

Alipohamia Roma akachonga Theseus ameketi juu ya Minotauro, lile dude la hekaya za Kigiriki lenye kichwa cha ng'ombe, akiwa ameshaliua. Wachongaji wengine wangeonyesha vita yenyewe. Yeye akaonyesha dakika ya baada ya vita, shujaa akiwa amepumzika anamtazama adui aliyelala. Kazi hiyo, iliyomalizika mwaka 1783 na ambayo leo iko London, ndiyo iliyomtambulisha Roma. Kaburi la Papa Clement wa 14 lilifuata, likazinduliwa mwaka 1787.

Ile karakana kubwa yenye vijana wengi ilikua pamoja na hizo kazi. Alipoanza kuwapa wengine kazi ya kukata jiwe, alikuwa ameshakata jiwe mwenyewe kwa miaka, na angeweza kumnyang'anya kijana yeyote tindo akamwonyesha inavyotakiwa. Anayenunua risechi mwaka wa tatu hajawahi kuandika hata moja. Hajakasimu kazi anayoiweza, amekimbia kazi asiyoiweza. Haya ni mambo mawili tofauti kabisa.

Jambo la pili ni mwanzo wa kazi. Ili tuelewane, niieleze karakana ile ilivyokuwa inafanya kazi, maana wengi tunadhani mchongaji anasimama mbele ya bonge la jiwe anaanza kugonga.

Canova alianza na karatasi. Alichora, akafuta, akachora tena. Kisha akashika udongo wa mfinyanzi au nta akafinyanga kijisanamu kidogo cha haraka haraka, cha kushikika mkononi, ili aone wazo lake lina sura gani ukilizunguka pande zote. Baadhi ya vijisanamu hivyo vipo mpaka leo, na ukiviona kwenye picha unaona vidole vyake vilipobonyeza udongo. Baada ya hapo alifinyanga sanamu ya udongo ya ukubwa kamili, iliyoshikiliwa na kiunzi cha chuma na mbao kwa ndani isianguke kwa uzito. Udongo huo ukifunikwa na plasta, ikiganda inakuwa kalibu. Udongo unaondolewa, plasta nyingine inamiminwa ndani, kalibu inavunjwa. Kinachobaki ni sanamu nzima ya plasta, nyeupe, ya ukubwa uleule wa ile ya marumaru itakayokuja.

Mpaka hapo hakuna jiwe lililoguswa, lakini maamuzi makubwa yote yameshafanyika. Psyche atalalaje, mikono yake itamzungukaje Cupid anayemwinamia, macho yao yatakutana wapi, yote yameamuliwa na Canova kwenye udongo, kwa vidole vyake mwenyewe. Ndiyo maana plasta zile zina thamani kubwa. Ndugu yake wa mama mmoja, Giovanni Battista Sartori, ambaye baadaye alikuwa askofu, alizikusanya akazipeleka kijijini kwao Possagno, na katika miaka ya 1830 zikajengewa jumba la makumbusho. Mwaka 1917, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kombora lilitua kwenye jumba hilo na sanamu kadhaa zikavunjika. Zikakarabatiwa, zikarudishwa mahali pake.

Mwaka 2020 mtalii kutoka Austria aliketi juu ya mojawapo apigwe picha. Ilikuwa plasta ya Paolina Borghese, dada yake Napoleon, aliyeonyeshwa amejilaza kitandani kama mungu wa mapenzi. Vidole vya mguu vikavunjika, habari ikazunguka dunia nzima. Kuna waliosema kwamba afadhali, kwa sababu ile ya marumaru iko salama Roma na hii ni plasta tu. Lakini hiyo plasta tu ndiyo iliyotangulia. Marumaru ya Roma ilichongwa kwa kuifuata hiyo.

Kama bado unadhani mwanzo ni kitu kidogo, chukua habari ya George Washington. Jimbo la North Carolina, Marekani, lilimwagiza Canova sanamu ya rais wao wa kwanza. Sanamu ilifika mwaka 1821 ikawekwa kwenye jengo la bunge la jimbo huko Raleigh. Miaka kumi baadaye, 1831, jengo likaungua na sanamu ikaharibika kabisa. Marumaru yote, gharama yote, safari yote ya baharini, vikaishia kwenye moto. Hata hivyo plasta ilikuwa Possagno. Kwa kuifuata hiyo, mwaka 1970 nakala mpya ya marumaru ikasimamishwa Raleigh. Canova alikuwa na karibu miaka 150 kaburini na kazi yake ikaweza kusimama tena, kwa sababu mwanzo wake ulikuwa umetunzwa.

Sasa nimuulize mwenzetu: plasta yako iko wapi? Flashi yako ikipotea leo na yule jamaa akizima simu, una kitu gani kichwani au daftarini cha kuanzia upya? Swali la utafiti ulilipata wapi? Kwa nini ulichagua kata ile na si nyingine? Kama huna hata kijisanamu kidogo cha udongo chenye alama za vidole vyako, basi huna kazi. Una risiti.

Jambo la tatu ni katikati, na hapa nakubaliana na wenzangu kabisa. Plasta ilipokuwa tayari, ilipigiliwa misumari midogo midogo sehemu za muhimu: ncha ya pua, goti, bega, kifundo cha mguu. Kwa kutumia timazi na bikari, wasaidizi walipima kila msumari uko umbali gani kutoka kwenye fremu iliyowekwa juu, wakahamisha vipimo hivyo kwenye bonge la marumaru, kisha wakatoboa kwa keekee mpaka kina kilekile. Halafu wakaondoa jiwe lililobaki kati ya tundu na tundu. Ni kazi nzito, ya vumbi, ya kuumiza kifua na macho, na inahitaji ustadi mkubwa, maana ukizidisha kidogo jiwe halirudi. Hiyo ndiyo iliyoachiwa karakana. Ndiyo pia iliyowezesha plasta moja kuzaa marumaru mbili, kama ilivyokuwa kwa zile Neema Tatu: za kwanza ziliagizwa na Joséphine, mke wa zamani wa Napoleon, na za pili akaziagiza mtawala wa Bedford kutoka Uingereza.

Sisi nasi tunayo katikati yetu. Kuchapa hojaji pale steshenari, kusaidiwa kugawa hojaji kijijini, kuingiza takwimu kwenye kompyuta, kupanga marejeo, kunyoosha kurasa. Sioni dhambi kumlipa mtu akuchapie kazi uliyoiandika kwa mkono. Sioni dhambi kumwomba dada wa takwimu akuelekeze programu inavyopiga mahesabu, mradi umwelewe. Hata hii akili mnemba inayotutia kiwewe, walimu na wanafunzi sote, naipima kwa kipimo hichohicho. Ikikusaidia kutoboa matundu pale ulipopigilia misumari wewe, huo ni msaada. Ikichagua yenyewe pa kupigilia misumari, mchongaji ni yenyewe, na wewe ni mteja.

Jambo la nne ni mwisho, na hapa mwenzetu alisema kweli nusu. Ni kweli Canova alikuja mwishoni kupitisha mkono. Lakini ule mkono wa mwisho haukuwa wa kupapasa. Karakana ilimwachia sanamu ikiwa na ngozi ya ziada ya jiwe, unene kidogo tu kabla ya umbo lenyewe. Ngozi hiyo aliiondoa yeye. Alisifika kwa kufanya kazi hiyo usiku kwa mwanga wa mshumaa, kwa sababu mwanga mdogo unaotoka ubavuni unaonyesha kila bonde na kila kituta ambacho jua la mchana linakificha. Hapo ndipo jiwe lilipoanza kufanana na mwili: shingo ya Psyche, godoro la Paolina linalobonyea kama pamba kumbe ni marumaru tupu. Wateja walijua kwamba wanalipia mkono huo.

Kwa maana nyingine, mkono wa mwisho ulikuwa ni kuikagua kazi yote, inchi kwa inchi, na mtu aliyejua kila kitu kilitakiwa kuwaje kwa sababu alikianzisha yeye. Huwezi kuwa na mkono wa mwisho kama hukuwa na wa kwanza. Kubadilisha sentensi mbili tatu kwenye sura ambayo huielewi ni sawa na kupaka rangi nyumba ya jirani halafu ukaomba hati ya kiwanja.

Na mwisho una jambo jingine ndani yake, nalo ni kubeba lawama. Canova alimchonga Napoleon kama Mars, mungu wa vita, akiwa uchi, urefu wa mita 3 na zaidi. Sanamu ilipofika Paris na Napoleon kuiona mwaka 1811, haikumpendeza. Aliona ina misuli kupita kiasi, akakataza isionyeshwe kwa watu. Baada ya kuanguka kwake serikali ya Uingereza ikainunua, ikapewa Wellington, adui aliyemshinda vitani, na mpaka leo imesimama chini ya ngazi za nyumba yake London. Aibu ile ilikuwa ya Canova. Hakusema kwamba ni vijana wa karakana waliokosea bega. Jina likiwa lako, hasara nayo ni yako.

Hapa ni lazima nijiseme mwenyewe, maana nisije nikaonekana nahubiri. Mwaka wa pili tulikuwa na asaimenti ya kundi, watu wanane. Mimi nilikuwa na mambo yangu, nikatoa shilingi elfu tano ya kuprinti na jina langu likaingia. Siku ya presentesheni mwalimu hakumwita aliyeandika. Aliniita mimi, akanionyesha jedwali la pili, akasema, "Tueleze hizi asilimia zinatuambia nini." Nilisimama pale kama sanamu kweli. Kundi zima lilikatwa alama, pamoja na yule dada aliyekesha siku mbili akiandaa lile jedwali. Hakunitukana. Aliniambia tu, "Ungenipigia hata usiku ule nikakueleza." Maneno hayo ninayo mpaka leo. Elfu tano yangu ilikuwa imenunua nafasi ya kumharibia mtu kazi yake.

Sasa, haki itendeke pande zote, maana Canova naye si malaika. Majina ya wengi waliovuta lile vumbi hatuyajui. Tunamjua Antonio d'Este, rafiki yake aliyesimamia karakana, na Adamo Tadolini, mwanafunzi wake aliyekuja kuwa mchongaji mwenye jina na karakana yake Roma. Waliobaki ni "wasaidizi wa Canova", basi. Desturi ya wakati ule ilikuwa hivyo, lakini sisi hatulazimiki kuirithi. Kama mtu alikusanya takwimu zako juani, mwandike kwenye shukrani. Kama mmoja katika kundi alifanya nusu ya kazi, isemwe kwamba alifanya nusu ya kazi. Kidole kimoja hakivunji chawa, sawa, ila vidole vyote vina majina.

Na kuna kundi ambalo hatulisemi kwa sababu tunaishi nalo na tunalihitaji: wale wanaotuandikia. Wengi wao si wahuni wa mtaani. Ni wanafunzi wenzetu, mara nyingi wale wenye vichwa, ambao bumu limekatika katikati ya muhula na nyumbani kunasubiriwa hela. Siwezi kuwatupia mawe. Ninachoweza ni kuwasimulia kisa kimoja. Mwaka 1803 Lord Elgin, Mwingereza aliyechukua sanamu za hekalu la Parthenon kule Athens, alimwomba Canova azikarabati, aziongezee pua na mikono iliyokatika. Ingekuwa kazi ya hela na ya sifa. Canova akakataa. Alisema ingekuwa kufuru kwake, au kwa mtu yeyote, kuzigusa kwa tindo. Mtu aliyekuwa na mkono bora kuliko wote Ulaya alijua kwamba kuna kazi ambazo mkono wake hautakiwi kuingia, kwa sababu si zake, hata kama zina mapengo.

Risechi ya mwenzako ina mapengo. Kiingereza chake kina mapengo, uchambuzi wake una mapengo. Mweleze, mfundishe, msomee rasimu, hata kwa malipo, maana ualimu ni kazi halali. Ila usimwekee pua. Pua mbovu aliyoichonga mwenyewe itamfundisha kuchonga pua. Yako nzuri itamfundisha tu namba yako ya simu.

Najua nitajibiwa kwamba mfumo ndio unaotusukuma. Nakubali, na sitaki makala hii isomeke kama ya mtu anayewatetea wakubwa. Wapo wasimamizi ambao mwanafunzi anawatafuta muhula mzima anawaona mara mbili, mara ya pili wakiwa wanakimbilia gari. Wapo wanaopokea sura ya kwanza wakairudisha baada ya miezi miwili na alama ya vema. Mtoto wa fundi mawe alikuwa na babu anayemsimamia pembeni, kisha mwalimu, kisha karakana nzima. Ukimwachia mtu tindo na jiwe bila mwalimu, usishangae akienda kununua sanamu dukani.

Ndiyo maana naiomba serikali yetu ya wanafunzi isimalize nguvu zote kwenye bonanza na tisheti. Ipeleke mambo matatu kwenye vikao inavyoalikwa. Kwanza, kila mwanafunzi wa risechi awe na tarehe za kukutana na msimamizi zilizoandikwa na kusainiwa na pande zote mbili, ili msimamizi naye awajibike. Pili, rasimu zihesabiwe alama: mwanafunzi alete daftari, alete mchoro wa kwanza, alete sura iliyokatwakatwa kwa kalamu nyekundu. Aliyeandika mwenyewe atakuwa na takataka nyingi za kuonyesha. Aliyenunua atakuwa na faili moja safi. Tatu, kila kazi ya kundi iwe na karatasi moja mwishoni inayosema nani alifanya nini, na mwalimu awe na ruhusa ya kumuuliza yeyote. Haya hayahitaji bajeti. Yangekuwepo mwaka wangu wa pili yangeniokoa mimi na aibu, na lile kundi na hasara.

Nimalizie na habari ambayo nilipoisoma pale maktaba niliifunika kitabu nikakaa kimya kidogo. Canova alipofariki, mwili wake ulizikwa kwao Possagno, kwenye hekalu alilolianzisha yeye mwenyewe. Moyo wake ukawekwa Venice, katika kanisa la Frari, ndani ya kaburi lenye umbo la piramidi ambalo wanafunzi wake walilikamilisha mwaka 1827. Ramani ya kaburi hilo aliibuni yeye miaka mingi nyuma kwa ajili ya mchoraji Titian, lakini halikujengwa. Wanafunzi waliweza kulisimamisha bila yeye kwa sababu wazo alikuwa ameliacha, na kwa sababu alikuwa amewafundisha. Na mkono wake wa kulia ulikatwa ukahifadhiwa na chuo cha sanaa cha Venice.

Kwetu sisi kukata mkono wa maiti ni jambo la kutisha, na sisemi waige. Lakini angalia walichokichagua. Walikuwa na majengo yaliyojaa kazi zilizoguswa na mikono ya watu wengi, na hakuna aliyekuwa na shaka kwamba mkono ule mmoja ulistahili kutunzwa. Walijua ulichokifanya mwanzoni, na walijua ulichokifanya mwishoni.

Kaka yangu wa chumba kile, najua utasoma hii maana nimekuambia inatoka. Sura ya pili bado hujailipia. Vipindi vya asubuhi sina, na karatasi ninazo. Njoo tuanze na udongo.